Taa ya kamio ikiwaka, tusimnyamazishe shofere



Mara hii tunataka kusema juu ya kamio yetu. Bei ya mazutu na ubovu wa barabara kila mtu anavijua, hatutarudilia. Tunataka kusema juu ya taa moja ndogo ya njano kwenye tablo. Taa hiyo ilitutia hasara, na kosa halikuwa la fundi wala la shofere peke yake. Lilikuwa letu sote.

Kamio yetu ni ya tani tatu. Ilitoka Japani ikiwa imeshatumika, ikapitia Mombasa na Uganda mpaka Kasindi. Siku ya kuinunua tuliangalia matairi, tukasikiliza motere, tukalala chini kuangalia shasi. Hakuna aliyeuliza kama iko na filtre ya moshi. Kumbe iko nayo! Mafundi wanaiita FAP, na kwenye tablo imeandikwa DPF.

Kazi ya filtre hiyo ni kushika masizi ili yasitoke na moshi. Ndani yake kuna kitu kama sega la nyuki, kigumu kama chungu cha udongo. Masizi yakijaa, lazima yaunguzwe humo humo, kwa moto unaofika karibu digrii 600. Kamio inayokimbia kwenye lami saa nzima inaunguza yenyewe. Yetu inatambaa kwenye matope kati ya Masereka na Butembo, inasimama kila kilometa kupakia mfuko mmoja, inanguruma bure wakati watu wanabishana bei. Moshi wake haupati moto wa kutosha. Ndiyo maana kuna kifungo cha kuunguza kwa mkono: taa ikianza kuwaka na kuzimika, shofere anasimama pahali salama, anafunga breki ya mkono, anabonyeza, anangoja kama nusu saa. Asisimame juu ya majani makavu wala karibu na nyumba ya nyasi, kwa sababu bomba linakuwa moto sana.

Nusu saa tu. Lakini hiyo nusu saa sisi tulimnyima.

Siku ya soko, kamio ikiwa imejaa mashu na karoti, motere ilikosa nguvu katikati ya mlima. Haikuzimika, ila ilikataa kupanda. Iko na kompyuta inayopunguza nguvu yenyewe filtre ikiziba, ili motere isiharibike. Mizigo ikalala njiani siku nne. Wamama waliouza mashu yaliyooza kwa bei ya kutupa wanajua walichopoteza: wengine ilikuwa minerval ya watoto.

Fundi wa kwanza akasema, «Leteni nyundo na chuma, tuvunje matumbo ya hiyo filtre, kamio itapona leo.» Wengi wetu tulikubali. Fundi wa pili aliomba kwanza achomoe kijiti cha kupimia mafuta ya motere. Mafuta yalikuwa yamepanda kupita alama, yananuka mazutu. Akatueleza: kila mara kamio ilipoanza kuunguza, ilikatizwa, na mazutu yaliyotumwa kwa kazi hiyo yakateremka kwenye mafuta. Tena enjekta moja ilikuwa inavuja, inaongeza masizi. Tungevunja filtre, ugonjwa ungebaki ndani ya motere.

Akamgeukia shofere: taa iliwaka tangu lini? Wiki tatu. Mbona hukusema? Shofere akatuangalia, akajibu: «Mara ya kwanza nilisimama nikabonyeza. Abiria walinipigia kelele, na komite ikanikata mshahara kwa kuchelewesha soko. Tangu siku ile nilikanyaga tu.»

Mkutano ulinyamaza. Tulimwadhibu mtu aliyesema kweli, halafu tukashangaa kwamba hakusema tena.

Sasa, wapo wanaosema bado: kuvunja ni rahisi, kamio nyingi zinatembea bila filtre. Tunawaelewa, hasara inauma. Lakini moshi ule si mchezo. Mwaka 2012, shirika la utafiti wa kansa la OMS lilisema wazi kwamba moshi wa mazutu unaleta kansa kwa binadamu. Wanaokaa nyuma ya kamio yetu, juu ya mifuko, ni wake zetu na watoto wetu. Tena kompyuta ya kamio haidanganyiki kirahisi: ukitoa filtre, inaweza kuendelea kupunguza nguvu, na utalipa fundi mwingine.

Mawazo yetu ni haya.

Kwanza, shofere awe na haki ya kusimama. Taa ikiwaka, anasimama, anaunguza, anaandika kwenye kaye ya kamio tarehe na pahali. Hakatwi hata franka moja. Anayeficha taa ndiye ataulizwa.

Pili, mafuta ya motere yawe yale ya kamio zenye filtre. Kwa kamio za Japani, kwenye bidon tafuteni alama DH-2. Mafuta ya kawaida yanaacha majivu, na majivu hayaungui hata ufanye nini. Mazutu ya chupa za kando ya barabara, yaliyochanganywa na petroli ya taa au maji, tuyaache.

Tatu, filtre ikiziba, kwanza tutafute sababu: enjekta, tirbo, hata kampira kadogo kanakopima mgandamizo wa moshi, maana kakipasuka kanaidanganya kompyuta. Kisha filtre ifunguliwe, ipulizwe kwa hewa ya kompresa kutoka upande wa kutokea moshi, fundi akiwa amejifunika pua na mdomo. Asiichokore na chuma, lile sega litavunjika.

Nne, kila mfuko unaopanda kamio uache kitu kidogo kwenye sanduku la matengenezo. Kiasi kitapangwa na mkutano mkuu, na hesabu isomwe mbele ya wote.

Tukinunua kamio ingine, tuulize mbele ya kulipa: iko na filtre? Kifungo kinafanya kazi? Mafuta yake tutayapata Butembo? Jibu likiwa hapana, tutafute ingine.

Kamio ni mali yetu sote, na taa yake vilevile. Mwenye macho kwenye tablo ni mtu mmoja tu. Tumpe ruhusa ya kutuambia anachoona, hata siku ya soko.