Gololi Ipandayo Mteremko

Hesabu za mwendo huharibika pale mwalimu anapotanguliza kanuni kabla ya tendo. Chukua gololi inayosukumwa ipande ubao ulioinamishwa. Tuseme inaanza kwa kasi ya sentimita 60 kwa sekunde, na kila sekunde ipitayo kasi hiyo hupungua kwa 20. Baada ya sekunde 3 kasi ni sifuri. Wastani wa kasi ni 30. Basi imepanda sentimita 90. Hapo pana kutoa, kugawanya na kuzidisha tu, mambo ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi anayaweza.

Swali zito ni hili: gololi inaposita kule juu, je, nguvu inayoivuta chini nayo imekoma? Wengi hujibu kuwa imekoma. Lakini ingekuwa hivyo, gololi ingebaki pale pale. Kurudi kwake ni ushahidi kwamba kilichofika sifuri ni kasi; badiliko la kasi linaendelea.

Katika kitabu chake cha mwaka 1638, Galileo alieleza alivyoviringisha tufe katika mfuo wa ubao, akipima muda kwa kupima uzito wa maji yaliyochuruzika. Ubao, gololi na kopo lililotobolewa havikosekani hata kijijini.

Ndugu mwalimu mwanafunzi, mtoto aliyekaririshwa kanuni tupu hulibeba kosa lile hadi sekondari, na kuling'oa huko ni kazi ngumu. Kwanza atende na kutazama. Kisha ndipo ahesabu.