Benki ziwakopeshe walinzi wa mikoko
SAUTI YA PWANI, na Salim Mwinyi

Kila mwaka benki zetu huja Pwani na fulana mpya, kamera na miche ya mikoko. Wafanyakazi wao huingia topeni, wakapanda, wakapigwa picha, wakarudi mjini. Nawashukuru. Hata hivyo, kupanda miche kila mtu anaweza. Kukopesha ni kazi ya benki, na mikoko yetu inaihitaji kazi hiyo zaidi.

Tunajua kwa nini mikoko hukatwa. Boriti na fito zinatakiwa kwa ujenzi, kuni zinatakiwa jikoni na kwenye matanuri ya chokaa. Kusi ikivuma bahari huchafuka, na mwenye ngalawa ndogo hushindwa kutoka siku nyingi. Akiwa na deni linalodaiwa kila mwisho wa mwezi, shoka ndilo litakalolipa. Mkopo uliopangwa kwa tarehe za mshahara haumfai mtu ambaye riziki yake inafuata pepo. Marejesho yapungue wakati wa kusi, yaongezeke kaskazi inapotulia na samaki wanapopatikana.

Huko Gazi, Kaunti ya Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umeonyesha njia. Tangu mwaka 2013, vijiji vya Gazi na Makongeni vinalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa humo. Mapato yamepeleka maji kwa wanakijiji na kusaidia shule. Wakapanda pia mivinje, ili mwenye haja ya nguzo au kuni asiingie mikokoni. Lakini mvinje hauvunwi mwaka unaopandwa. Kijiji kingine kinachotaka kufuata mfano huo kinahitaji mtaji unaosubiri miaka kadhaa, na hakuna mwenye mtaji wa namna hiyo zaidi ya benki.

Pemba nako, vijiji kama Kisiwa Panza vimekuwa vikifunga sehemu ya miamba kwa miezi michache ili pweza wakue. Pweza hukua upesi, na mwamba ukifunguliwa wavuvi hupata wazito zaidi. Taabu iko katikati: wavuvi, wakiwemo wanawake wanaovua kwa miguu maji yakipwa, watakula nini mwamba ukiwa umefungwa? Mkopo mdogo unaoanza kulipwa mwamba ukishafunguliwa ungewapa subira.

Benki zitauliza dhamana iko wapi. Msitu wa mikoko ni mali ya umma, haurehaniwi na haifai urehaniwe. Ila vikundi vya VICOBA na vyama vya akina mama vina madaftari ya akiba, mikopo na marejesho yaliyoandikwa kwa uaminifu. Madaftari hayo yakubaliwe kuwa ushahidi kwamba wenyewe wanakopesheka.

Kuna upande wa pili wa daftari la benki. Haifai benki ipande miche elfu moja huku ikimkopesha anayefyeka mikoko kuchimba mabwawa ya chumvi au kujenga hoteli. Benki Kuu ya Kenya ilitoa mwongozo wa kudhibiti hatari za mabadiliko ya tabianchi kwa mabenki mwaka 2021. Kila ombi la mkopo wa mradi wa ufukweni lijibu swali moja la wazi: mikoko iliyopo itabaki? Jibu likiwa hapana, mkopo usitoke.

Tusiambiwe fedha hazipo. Nchini Tanzania, Benki ya CRDB iliuza hatifungani ya kijani mwaka 2023, na wawekezaji wakainunua kupita lengo lake. Fedha za namna hiyo zifike hadi kwa mwenye ngalawa na mkulima wa mwani.

Nawe msomaji mwenye akaunti, akiba yako ndiyo inayokopeshwa. Ukienda benki wiki hii, muulize meneja wa tawi wamekopesha vikundi vingapi vya wavuvi na walinzi wa misitu katika wilaya yako. Usiondoke bila jibu.