Kabla Hujasema Bodi Imeungua, Pima Umeme



Leo nina neno kuhusu bodi hizi ndogo tunazochomeka kwa laptopu kwa waya wa USB, Arduino na ESP32. Neno lenyewe ni hili: tuache kusema bodi imeungua kabla hatujapima umeme. Na tuache kabisa kumlaumu mtu kwamba ameiunguza.

Nasema hivi kwa sababu nilikosea mwenyewe. Kundi letu lilikuwa linatengeneza kengele ya tangi la maji: kihisi kinapima kina, pampu ndogo inawaka, na ESP32 inatuma ujumbe kwa Wi-Fi. Dada mmoja ndiye aliyeunganisha nyaya. Programu iliingia vizuri, lakini Wi-Fi ikiwaka tu, bodi inazima na kuanza upya. Inazima, inaanza. Kwa skrini inaandika "brownout" kila mara, na hakuna aliyejua maana yake. Nikasema mbele ya wote, "Umeichoma hii." Wiki iliyofuata hakuja. Na iliyofuata pia.

Tukachanga pesa, tukaagiza nyingine Nairobi. Mnajua safari ya mzigo mpaka huku, na mnajua wengi wetu hatutoki kambini bila kibali. Bodi mpya ikafika. Ikafanya vile vile.

Hapo ndipo nilipoenda kwa fundi wa simu sokoni. Akatoa mita yake. Upande wa laptopu, volti 5. Kwenye bodi, pampu ikizunguka, volti 4.2. Akatoa ule waya wetu mrefu mwembamba, akaweka mfupi mnene: volti 4.8. Kisha pampu akaipa betri yake. Bodi haikuzima tena. Na ile ya kwanza, tuliyokuwa tumeitupa kwenye sanduku, nayo ikafanya kazi bila shida yoyote. Walahi niliona aibu.

"Brownout" ni bodi ikikuambia kwamba volti zimeshuka mno, kwa hivyo inaanza upya badala ya kufanya kazi kimakosa. Tundu la USB 2.0 la kawaida hutoa volti 5 na mpaka miliampea 500. ESP32 ikirusha Wi-Fi yaweza kuvuta miliampea mia kadhaa kwa mara moja. Ukiongeza pampu juu yake, umeme hautoshi.

Jambo hili si geni kwetu. Nani hapa hajui umeme wa jenereta ya sokoni? Nyumba ya mwisho wa laini, taa inafifia jirani akiwasha friji. Jenereta ni nzima, taa ni nzima. Ni waya mrefu na wavutaji wengi. USB ni hivyo hivyo, kwa udogo.

Ndiyo maana naona mafunzo yetu yanaanza vibaya. Siku ya kwanza ni programu, siku ya pili ni programu, umeme hautajwi. Kuna wanaosema volti zitamtisha anayeanza. Mtoto wa Ifo anayejua sola ya nyumbani itachaji simu ngapi kabla ya magharibi, atatishwa na nini? Anachoogopa ni kuambiwa ameharibu kitu cha watu.

Kwa hivyo, bodi ikisumbua, fanya hivi:

1. Badilisha waya. Nyaya nyingine za chaja hazina nyuzi za data: taa ya bodi itawaka lakini laptopu haitaiona.

2. Chomoa kila kitu, bodi ibaki peke yake. Ikitulia, rudisha kimoja kimoja.

3. Pima volti kwenye bodi kazi ikiendelea. Mita ya kawaida ni ya polepole, haioni mshuko wa kufumba na kufumbua. Kapasita ya mikrofaradi 470 kati ya volti 5 na gandi husaidia, ila usigeuze miguu yake.

4. Mota na pampu zipewe umeme wao, lakini gandi ziunganishwe. Pini ya Arduino Uno ni ya miliampea 20 hivi. Hiyo ni ya taa ndogo, mota hapana.

5. Ukitumia pawabenki, jua kwamba nyingi hujizima zikiona mzigo ni mdogo. Uno nayo ina fyuzi inayokata USB ikizidiwa, kisha hurudi yenyewe ikipoa. Ngoja kidogo kabla ya kuitangazia kifo.

Sisemi bodi haziungui. Ukigeuza chanya na hasi, yaweza kuungua kweli, na pengine utasikia harufu. Lakini hilo liwe neno la mwisho, baada ya kupima.

Nilienda kwa kina yule dada, nikaomba msamaha mbele ya mama yake. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Kwani hukupima?" Sikuwa na jibu. Bado hajarudi kwenye kundi, na simlaumu.

Mita ya bei ya chini kabisa ni rahisi kuliko bodi mbili. Kundi lako likichanga pesa tena, nunueni mita kwanza.