Impela Kubwa Haizai Maji

Mwandishi aliyewashauri wakulima wa Mwatate waweke impela kubwa, yaani gurudumu linalozunguka ndani ya pampu, ili pampu zao za petroli zivute maji ya kina zaidi ametoa dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Pampu haivuti, uzito wa hewa ndio unaoyasukuma maji juu, na hata kwenye usawa wa bahari hauyafikishi mita 11. Mwinuko wetu hapa Mwatate hupunguza hata hizo. Ukilazimisha, maji hugeuka mapovu ya mvuke yanayotafuna chuma. Tena, ukiacha impela na kujaribu kuizungusha pampu kasi maradufu, itadai nguvu mara 8: petroli ya nani? Tuisogeze pampu karibu na maji, tuzibe mipira inayovuja, ndipo tuzungumzie impela.