TUJIFUNZE SAYANSI: Mkaa na Risasi ni Ukoo Mmoja

Utazame mkaa wa jikoni. Kisha itazame risasi inayofungwa kwenye nyavu ili zizame. Vitu hivi ni vya ukoo mmoja. Wataalamu wanauita kundi la kaboni.

Wa kwanza ni kaboni, iliyomo katika mkaa. Silikoni imo katika mchanga. Chini zaidi wapo bati na risasi. Tabia hubadilika kadiri unavyoshuka. Gonga mkaa kwa nyundo, utavunjika. Gonga risasi, itabonyea tu, kwa sababu ni metali kama shaba.

Risasi huyeyuka upesi, kwa nyuzi joto 327. Moto wa mkaa unatosha. Hapo ndipo ilipo hatari. Watu wengine huyeyusha betri kuukuu za magari jikoni. Moshi na vumbi lake ni sumu. Huharibu ubongo wa mtoto, na ubongo ulioharibika haurudi.

Kwa hiyo:
- Usiyeyushe risasi nyumbani.
- Sufuria iliyoyeyushia risasi usiipikie chakula.
- Ukishika risasi, nawa kwa sabuni kabla ya kula.
- Watoto wasiichezee.

Mkaa utupikie. Risasi ikae mbali na chungu.