Mshtakiwa Alikuwa Dola

Wafiwa wanapopeleka kesi katika mahakama ya haki za binadamu, wengi huwaonea huruma: wanajichosha bure, mahakama hizo hazina polisi wala jela. Ni kweli hazina. Lakini wanaosema hivyo wanazidai kazi isiyo yao.

Tarehe 13 Desemba 1998, karibu na Sapouy nchini Burkina Faso, mwandishi wa habari Norbert Zongo na wenzake watatu waliuawa, gari lao likateketea kwa moto. Zongo alikuwa akichunguza kifo cha dereva wa François Compaoré, mdogo wake Rais Blaise Compaoré. Tume huru ya uchunguzi iliwataja washukiwa sita, wote askari wa kikosi cha ulinzi wa rais. Akashtakiwa mmoja tu, na mwaka 2006 naye akafutiwa mashtaka. Jalada likafungwa.

Desemba 2011 familia za waliouawa, zikishirikiana na chama cha haki za binadamu cha nchini mwao, zilifungua kesi katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, jijini Arusha. Mshtakiwa hapo hakuwa askari yeyote, bali dola. Majaji hawakuulizwa nani aliua. Waliulizwa kama serikali ilijitahidi kumtafuta muuaji. Serikali iliyokuwa imelifunga jalada ikalazimika kujieleza, tena mbele ya majaji isiowateua yenyewe. Machi 2014 wakaamua kwamba haikujitahidi. Juni 2015 wakaagiza uchunguzi uendelee na fidia itolewe: faranga za CFA milioni 25 kwa kila mjane, 15 kwa kila mtoto, 10 kwa kila mzazi.

Wapo watakaosema shukrani ziende kwa wananchi waliomng'oa Compaoré Oktoba 2014. Nakubali, bila wao jalada huenda lingebaki kabatini. Ila hukumu ilitolewa miezi saba kabla, rais huyo akiwa bado Ikulu. Kwa hiyo askari waliposhtakiwa Desemba 2015, ilikuwa vigumu kudai kwamba watawala wapya wanalipiza kisasi tu. Kosa la dola lilikuwa limekwisha kuthibitishwa.

François Compaoré alikamatwa Paris mwaka 2017 kuhusiana na mauaji hayo, lakini mwaka 2023 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikataka asirejeshwe kwao bila kupimwa upya ahadi za kumtendea vyema zilizotolewa na Burkina Faso kabla ya jeshi kutwaa madaraka huko. Inauma, nami naumia pamoja na wafiwa. Lakini haki ambazo wafiwa walizitegemea Arusha ni za mshukiwa pia.

Kama hukumu hizi ni karatasi tupu, mbona serikali zinazikimbia? Rwanda iliondoa mwaka 2016 tamko linaloruhusu watu binafsi na mashirika kuishtaki moja kwa moja katika mahakama ya Arusha. Benin na Côte d'Ivoire zikafuata mwaka 2020. Tanzania, mwenyeji wa mahakama hiyo, ilitangaza kuondoa tamko lake Novemba 2019. Mjane anayeishi Arusha leo, mitaa michache kutoka mahakamani, hawezi kujifungulia mwenyewe kesi mpya kama ile iliyofunguliwa na wajane wa Burkina Faso.