Pikipiki Haiwaki? Uliza Kwanza, Uza CDI Baadaye

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo naongea na tunaouza spea, ila hata wewe wa simu na blenda litakufaa.

Meseji inaingia: "Bosi, una CDI ya CG125? Pikipiki imegoma kuwaka." Wengi tunataja bei hapo hapo, hela ikiingia tunatuma mzigo. Mimi nasema huko siyo kuuza, ni kubahatisha kwa hela ya mtu.

Fikiria anayeandika ni nani. Ni dereva wa boda mwenye chombo cha zamani, na jioni tajiri anataka hesabu, iwe imewaka au haijawaka. Kijiweni wamemwambia "hiyo CDI", basi anataka CDI. Usipokuwa ugonjwa wenyewe, kapoteza hela ya kifaa, nauli ya mzigo na siku ya kazi. Halafu anakurudishia. Kifaa cha umeme kikishafungwa, nani anajua kimerudi kizima?

Injini hizi zinataka vitu vinne: mafuta, hewa, moto wa plagi na kompresheni. Kwa hiyo kabla ya bei, mimi nauliza:

1. Koki ya mafuta iko wazi? Swichi ya kuzimia kwenye usukani iko sawa? Usicheke, mtu akiwa na haraka anasahau.

2. Piga kiki mara kadhaa, kisha fungua plagi. Ni kavu au imelowa? Ikiwa kavu, mafuta hayafiki: angalia koki, chujio, tundu la hewa la mfuniko wa tanki, na jeti ya kabureta. Ikiwa imelowa, mafuta yanafika, ila huenda yamezidi au moto hakuna.

3. Irudishe plagi kwenye kofia yake, igusishe kwenye chuma cha injini, mbali na tundu la plagi na petroli, upige kiki. Inatoa moto? Kama hakuna, jaribu plagi nyingine nzima, halafu kofia, waya na koili. CDI mwisho.

4. Kiki imekuwa laini kuliko zamani? Hapo shuku valvu au ringi. CDI mpya haitasaidia kitu.

Ikiishia kwenye plagi, namuuzia plagi. Naomba na picha ya namba ya ile ya zamani, maana D8EA ina uzi wa milimita 12 na C7HSA milimita 10. Haziingiliani.

Najua mtasema, "Mimi muuzaji, siyo fundi." Hata mimi siyo fundi. Nimeishia form four, haya nimeyaokota kwa kuuliza mafundi wanaonunua kwangu. Mwingine atasema unapoteza mauzo. Kweli, leo umekosa faida ya CDI. Lakini dereva aliyewaka kwa plagi tu anarudi kijiweni anakutaja, na pale kijiweni kila pikipiki inakula plagi, oili na breki. Aliyenunua CDI bure naye anakutaja, kwa ubaya.

Kama maswali yote yamekwisha na jibu halijapatikana, mwambie apeleke kwa fundi kwanza. Hiyo nayo ni huduma.

Wewe unauza nini? Na kabla hujataja bei, unamuuliza mteja nini? Andika hapo chini tujifunze.